Chumba cha Familia, na Waliolala Nje ya Mlango

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alitupia picha tatu kwenye grupu la familia, saa nne usiku, bila hata salamu. Ya kwanza ilikuwa meli nyeupe yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote mtaani kwetu. Ya pili, chumba chenye kitanda kikubwa, sofa, na vitanda viwili vidogo vinavyoshuka kutoka darini. Ya tatu ilikuwa hesabu.

Mama anatimiza miaka 60 mwezi wa Desemba. Dada anafanya kazi Dubai, na meli za kitalii huondoka pale wakati wa majira ya baridi, kwa hivyo anataka tumpeleke Mama baharini siku 7. Tuko watu 7: Mama, dada na mumewe, watoto wao wawili, mimi, na kitinda mimba wetu ambaye ana miaka 17 na hapendi kulala chumba kimoja na kiumbe chochote kinachopumua. Swali la dada lilikuwa rahisi: tuchukue suiti moja ya familia, au vyumba viwili vyenye mlango katikati?

Grupu likachafuka. Shemeji akasema suiti, ili tule pamoja kwenye baraza yetu wenyewe. Kitinda mimba akasema afadhali alale kwenye mashua ya uokoaji. Mimi nikauliza bei nikanyamaza. Mama, ambaye husoma kila kitu na kujibu baada ya siku mbili, hatimaye akatuma sauti ya sekunde kumi: "Mimi nataka nikiamka usiku niwasikie nyote. Na majina yetu yote yaandikwe. Yote."

La kwanza tulilielewa. La pili lilinisumbua. Kwani kuna mtu anayepanda meli bila jina lake kuandikwa? Nikaanza kusoma, kwanza kuhusu vyumba, kisha kuhusu watu waliowahi kulala ndani yake, kisha, kwa muda mrefu zaidi, kuhusu wale waliolala nje. Nilichokiona ni hiki: chumba melini hakijawahi kuwa kitanda tu. Kila mara mtu anapogawa nafasi kwenye meli, anaamua pia nani ni familia, nani ni mzigo, na nani atahesabiwa maji yakiingia.

Tuanze na pwani yetu. Kwa karne nyingi watu walivuka bahari hii kwa majahazi, kaskazi ikiwaleta na kusi ikiwarudisha. Mwaka 1938, Mwaustralia mmoja aitwaye Alan Villiers, baharia na mwandishi, alipanda jahazi la Kuwait pale Aden. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasr al-Nejdi. Walishuka pamoja hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, na Villiers akaiandika safari hiyo katika kitabu chake *Sons of Sindbad*, kilichotoka 1940.

Abiria wengi walitoka Hadhramaut. Wanaume walilala wazi sitahani, kila mmoja akijibana mahali alipopata kati ya kamba, masanduku na miguu ya wenzake. Wanawake na watoto waliwekwa chumba cha chini ya shetri, kule tezi, penye giza na hewa nzito, na humo wakakaa siku baada ya siku. Kwa hiyo kwenye jahazi lile, mwenye chumba hakuwa tajiri. Chumba kilikuwa stara, na stara ile ilikuwa na bei yake: wanaume walipata jua na mvua, lakini walipata pia upepo. Wanawake walipata mlango, wakakosa hewa.

Nasema haya kwa sababu tukiona neno "suiti" tunafikiri moja kwa moja juu ya raha. Lakini mlango unaweza kukulinda na unaweza kukufungia. Inategemea nani ameshika komeo.

Upande wa pili wa dunia, karne ya 19, mlango ulikuwa jambo la sheria. Mamilioni ya watu walikuwa wakihama Ulaya kwenda Marekani, na wengi walisafiri katika sehemu ya chini ya meli, palipojaa vitanda vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Waingereza walikuwa wametunga sheria ya abiria tangu 1803, kupunguza msongamano. Marekani ikafuata 1819. Lakini sheria iliyonishika mimi ni ile ya Marekani ya 1882, kwa sababu inasomeka kama mtu aliyekaa chini na kalamu akajaribu kueleza familia ni nini.

Sheria hiyo ilisema kila abiria apate angalau futi 100 za ujazo za nafasi. Watoto wawili wa kati ya mwaka mmoja na miaka 8 walihesabiwa kama mtu mmoja, na mtoto wa chini ya mwaka hakuhesabiwa kabisa. Makanga yeyote wa Nairobi ataielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Kitanda kipana kiliruhusiwa kulaliwa na mume na mke, au wanawake wawili, au mwanamke na watoto wawili wadogo, au mwanamume na watoto wake wawili, au wanaume wawili, mradi wawe wanafahamiana. Nilicheka niliposoma hapo. Kuna mtu serikalini alifikiria aibu ya kulala na mgeni, akaiweka kwenye sheria.

Halafu kuna kipengele kingine. Kila mwanamume wa zaidi ya miaka 14 asiyelala na mkewe alitakiwa kulala mbele, upande wa omo, nyuma ya ukuta imara. Wanawake wasio na waume nao wakapewa sehemu yao. Lakini sheria ikaongeza kwamba familia zisitenganishwe bila wao wenyewe kukubali.

Fikiria familia yenye mvulana wa miaka 15. Nyumbani bado mama yake anamwita mtoto. Melini sheria inamwita mwanamume, na kama si familia kusimama na kusema huyu ni wetu, atalala kwenye omo na watu asiowajua, wiki nzima au zaidi, huku mama yake yuko tezi. Nilimfikiria kitinda mimba wetu anayetaka chumba chake. Zamani angepewa bila kuomba.

Mfano unaojulikana zaidi wa omo na tezi ni Titanic. Kwenye daraja la tatu, wanaume wasio na familia walilazwa mbele, na familia pamoja na wanawake wasio na waume wakalazwa nyuma. Juu yao, katikati ya meli, palikuwa na suiti. Charlotte Drake Cardeza, tajiri wa Marekani, alilipa zaidi ya pauni 500 kwa suiti ya vyumba kadhaa iliyokuwa na sitaha yake binafsi ya kupunga upepo. Alisafiri na mwanawe mtu mzima, na kila mmoja alikuwa na mtumishi wake. Tiketi ya daraja la tatu ilikuwa kama pauni 7 au 8. Zaidi ya abiria 700 wa daraja hilo walikuwa na mabafu mawili tu.

Meli ilipogonga barafu usiku wa 14 Aprili 1912, mahali ulipolala paliamua mengi. Suiti za daraja la kwanza zilikuwa karibu na mashua za uokoaji. Familia za daraja la tatu zilihitaji kupita korido ndefu na ngazi ambazo hazijawahi kuonyeshwa, wengine bila hata kuelewa Kiingereza. Uchunguzi wa Uingereza uliongozwa na Lord Mersey, na takwimu zake zinasema kwamba katika watoto 79 wa daraja la tatu, waliookolewa ni 27. Watoto wote wa daraja la pili waliokoka. Daraja la kwanza lilipoteza mtoto mmoja tu.

Mtoto huyo mmoja alikuwa Loraine Allison, wa miaka 2, na kifo chake kinahusiana moja kwa moja na vyumba. Familia yake ilikuwa na uwezo. Walichukua vyumba kadhaa vya daraja la kwanza, na kaka yake mchanga, Trevor, alikuwa chini ya uangalizi wa yaya aliyeitwa Alice Cleaver. Usiku ule yaya alimbeba Trevor akapanda naye mashua. Mama na baba hawakuonekana tena wakiwa hai, wala Loraine. Wengi waliosimulia kisa hiki wanaamini kwamba mama alikataa kuondoka kwa sababu hakujua mtoto wake mchanga yuko wapi, kumbe tayari alikuwa salama majini.

Sitaki kugeuza kifo cha mtoto kuwa ushauri wa safari. Lakini tangu nisome kisa hicho, ile kauli ya Mama, kwamba anataka akiamka atusikie sote, haikunichekesha tena.

Kuna jambo lingine kwenye uchunguzi ule. Lord Mersey alihitimisha kwamba abiria wa daraja la tatu hawakubaguliwa. Pengine aliamini hivyo. Lakini mbele ya uchunguzi huo hakuna abiria hata mmoja wa daraja la tatu aliyeitwa kutoa ushahidi. Waliulizwa mabaharia, wataalamu, wenye kampuni na wenye vyeo. Waliolala chini walizungumziwa na watu wengine.

Bahari ya Hindi ilikuwa na ngazi zake. Kwa miongo mingi, meli zilizounganisha Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Durban zilikuwa za kampuni ya British India, iliyoitwa BI kwa ufupi. Kuanzia 1896, makuli zaidi ya 30,000 kutoka India waliletwa kujenga reli ya Uganda, na baada yao wakaja maduka, mafundi, makarani na familia. Wengi walisafiri kama abiria wa sitaha. Hakukuwa na mlango. Familia ilitandika godoro lake mahali ilipowahi, sanduku la bati likawa ukuta wa upande mmoja, shuka au khanga ikawa pazia upande mwingine. Ukienda Ngara au Parklands leo ukaongea na wazee, utasikia safari ya familia ikielezwa kwa vitu hivi: sanduku, godoro, jiko, na bibi aliyekaa macho usiku kuangalia watoto wasivingirike.

Baada ya Vita vya Pili, BI ilileta meli mbili mpya kwenye njia ya Bombay, Kampala na Karanja. Kwa Mkenya, Karanja ni jina la jirani wa Nyeri, lakini BI ilikuwa na mazoea ya kuzipa meli zake majina yanayoishia na herufi a. Kwenye meli hizo pia, abiria wa daraja la chini walikuwa wengi kuliko wa madaraja mengine yote yakijumlishwa. Kwa njia ya London hadi Mombasa, kupitia Suez, kampuni hiyo hiyo ilianza kutumia meli iliyoitwa Kenya mwaka 1951 na nyingine iliyoitwa Uganda mwaka 1952. Hizi zilibeba abiria kama 300 tu kila moja, wengi wao maafisa wa kikoloni, masetla na familia zao. Vyumba vilikuwa na milango, wahudumu wengi walitoka Goa na India, na watoto walikuwa na saa yao ya kula ili wasiwasumbue wakubwa. Yaani meli inaitwa Kenya, lakini Mkenya wa kawaida aliiona tu ikitia nanga Kilindini.

Uganda iliishi maisha ya pili yanayofundisha kitu. Ndege zilipochukua abiria, na mfereji wa Suez ulipofungwa 1967, meli hiyo iligeuzwa kuwa meli ya masomo kwa wanafunzi wa Uingereza. Ilipoanza kazi hiyo 1968, ilikuwa na mabweni yenye vitanda zaidi ya 900, na bado ikabaki na abiria kama 300 wa kwenye kebini. Mwaka 1982 ikatumika kama hospitali katika vita vya Falklands. Chuma kilikuwa kile kile, isipokuwa kuta zilisogezwa. Ukisikia kwamba "nafasi haitoshi" melini, kumbuka kwamba mara nyingi nafasi ipo. Kilichoamuliwa ni nani apewe kiasi gani.

Na hata ndani ya vyumba vya familia kulikuwa na mtu ambaye hakuwa kwenye picha. Familia za Waingereza zilizorudi kwao kutoka India zilisafiri na wanawake wa Kihindi walioajiriwa kulea watoto njiani. Waliitwa *ayah*, neno ambalo masikio yetu yatalitambua kama ndugu wa "yaya". Mwanamke huyu alikesha na watoto wagonjwa wa bahari ili mama yao alale. Alikuwa ndani ya familia usiku, na nje ya familia asubuhi. Wengine walifika London wakaachwa bila kazi na bila nauli ya kurudi. Walikuwa wengi kiasi kwamba jiji hilo lilikuwa na nyumba maalumu ya kuwahifadhi, Ayahs' Home, ambayo kuanzia 1900 ilikuwa mtaa wa King Edward's Road, Hackney. Mwaka 2022 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye jengo hilo. Imechukua zaidi ya miaka mia moja kwa wanawake hao kupata jina ukutani.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kidogo kauli ya pili ya Mama. Nikampigia simu.

Mama alikulia Kisumu. Mwaka 1973, akiwa na miaka 8, nyanya yangu alimpeleka Mwanza kwa ndugu, kwa meli ya abiria iliyokuwa ikizunguka ziwa. Walikuwa daraja la tatu. Mama anakumbuka harufu ya samaki wakavu, taa moja ya manjano, na mkono wa nyanya uliofungwa kwenye mkono wake kwa leso, fundo mbili, ili akilala asipotee. Juu yao kulikuwa na watu wenye kebini. Aliwahi kuona mtoto wa rika lake akichungulia mlangoni, amevaa nguo za kulala. "Nilishangaa," aliniambia. "Sikujua kuna nguo za kulala za safari."

"Sasa majina, Mama?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, unakumbuka Bukoba?"

Nilikuwa mdogo sana. Lakini mtu yeyote aliyekulia kando ya ziwa anajua jina hilo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama ikiwa karibu kufika. Ilikuwa imejaa kupita uwezo wake. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa kwenye orodha, watu zaidi ya 400. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mpaka leo makadirio ya waliokufa yanatofautiana kwa mamia. Hawakutofautiana kwa sababu watu hawajui kuhesabu. Wanatofautiana kwa sababu waliolala chini hawakuandikwa wakipanda, na huwezi kumtafuta kwa jina mtu ambaye kwenye karatasi hakuwahi kuwepo.

Mama alisema siku ile alikaa karibu na redio mpaka betri zikaisha. Hakuwa na ndugu kwenye meli. Aliendelea kusikiliza kwa sababu alipajua pale chini. "Nilijiuliza, mwaka ule mimi na mamangu tungezama, nani angejua tulikuwa watu wangapi?"

Baada ya simu hiyo nilirudi kwenye picha za dada nikiwa na macho mengine.

Meli za kitalii zenyewe zina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1891 Albert Ballin, wa kampuni moja ya Hamburg, aliona meli yake kubwa, Augusta Victoria, itakaa bure wakati wa baridi, akaipeleka Mediterania na abiria wa kutalii. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilizindua Prinzessin Victoria Luise, iliyojengwa kwa ajili ya kutalii tu, na yote ilikuwa daraja la kwanza. Kwa miaka mingi utalii wa bahari ulibaki kuwa mambo ya wazee wenye pesa. Ndege za jeti zilipochukua abiria wa Atlantiki mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni za meli zilibidi zitafute kazi nyingine kwa meli zao, na kuanzia miaka ya 1960 na 1970 biashara ikahamia Miami na visiwa vya Karibi. Huko ndiko familia ya kawaida ilianza kualikwa.

Disney Magic ilipoanza safari 1998, ilikuwa imesanifiwa kwa familia tangu mwanzo, hadi bafu la chumba kugawanywa mara mbili ili mmoja aoge huku mwingine yuko chooni. Kwa mtu aliyekulia nyumba ya chumba kimoja na watoto watano, huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko injini. Na mwaka 2024 ikaja Icon of the Seas, yenye karibu tani 250,000 za ukubwa, inayoweza kubeba zaidi ya abiria 7,000. Suiti yake kubwa ya familia ina ghorofa tatu na bembea la kuteleza ndani, kutoka juu hadi sebuleni. Bei yake kwa wiki inafika makumi ya maelfu ya dola. Hiyo ni nyumba ya Kileleshwa inayoelea.

Na nani anaitandika? Kila asubuhi kuna mtu anayebisha hodi na taulo safi. Anaweza kuwa Mfilipino, Mhindi, Mwindonesia, na siku hizi anaweza kuwa kijana wa Likoni. Yeye analala sitaha za chini, kwenye chumba cha kushirikiana, miezi mingi mbali na watoto wake. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014. Unasema kila baharia apewe chumba chake cha kulala. Kisha unaweka ubaguzi: isipokuwa kwenye meli za abiria. Soma tena. Pale ambapo vyumba ndiyo biashara yenyewe, ndipo mfanyakazi haruhusiwi kudai chake.

Sisemi tusiende. Mama ataenda, na atavaa nguo za kulala za safari, nimeshazitafuta. Ninachosema ni kwamba ukichagua chumba, chagua ukijua.

Kwa sababu kuna kujua kwa kawaida pia, na nimejifunza. Vyumba "vilivyo karibu" si sawa na vyumba "vilivyounganishwa". Vya kwanza vimepakana tu, na usiku mtoto akilia utatoka kwenye korido. Vya pili vina mlango wa ndani, na huo ndio ulipie. Katikati ya meli, sitaha za chini, mawimbi hayakuchoshi kama ukiwa juu kabisa au mbele kabisa. Kebini iliyo chini ya ukumbi wa dansi ni ya bei nafuu kwa sababu. Na unaweza kuona kitanda cha tano kipo lakini kampuni inakataa kukuuzia, kwa kuwa mashua za uokoaji za upande huo zimeshafikia idadi yake. Dada alikasirika alipoambiwa hivyo. Mimi nilifurahi. Baada ya Titanic, mataifa yalikutana 1914 na kukubaliana kwamba kila aliye melini awe na nafasi kwenye mashua. Kitanda hicho kisichouzwa ni deni linalolipwa kwa watoto 52 wa daraja la tatu ambao hawakurudi.

Sheria za sasa zinataka pia kila mtu ahesabiwe kabla meli haijaondoka. Kwenye meli nyingi watoto wadogo hufungwa mkononi ukanda wenye namba ya mahali pa kukusanyikia dharura ikitokea. Nilipomweleza Mama, akacheka. "Basi wamejifunza kufunga leso," akasema.

Tumechukua vyumba viwili vyenye mlango katikati. Suiti ilikuwa nzuri, lakini kwa hesabu yake mmoja wetu angebaki Nairobi, na kila mtu alijua huyo angekuwa nani. Mama na wajukuu upande mmoja pamoja na kitinda mimba, ambaye amekubali baada ya kuambiwa kuhusu sheria ya miaka 14. Dada, shemeji na mimi upande wa pili, mimi kwenye kitanda cha kushuka kutoka darini. Mlango wa kati utabaki wazi usiku.

Juzi dada alijaza fomu. Kabla ya kubonyeza, Mama alimwambia asome majina kwa sauti, moja moja, kama anavyosoma mwalimu wa darasa. Dada akayasoma kwenye simu, sote tukisikiliza. Kila jina lilipotajwa, Mama aliitikia, "Yupo."

Alipofika la saba, Mama akamwambia aongeze la nane, la nyanya, aliyefariki 2009. Dada akasema fomu haina nafasi ya mtu ambaye hasafiri.

"Najua," Mama akasema. "Lisome tu."

Dada akalisoma.

"Yupo."